Bukavu: mgeni aonyeshwe mji, na njia ya ziwa ifunguliwe

Kuna swali ambalo watoto wa familia zilizohamia Bukavu huuliza na wakubwa hulinyamazia: ziwa tutalifikia siku gani? Wanaliona kila asubuhi. Kutoka nyumba za juu za Kadutu, Ziwa Kivu liko pale chini kama kikwembe kilichoanikwa, na siku isiyo na ukungu vilima vya Rwanda vinaonekana ng'ambo. Lakini mtoto aliyetoka Kalehe au Minova, aliyezoea kuoga ziwani kila jioni, anaweza kumaliza miezi sita Bukavu bila kulowesha mguu wake.

Mama mmoja aliyefika kutoka mwambao wa Kalehe na watoto wanne, anayekaa kwa shangazi yake katika kata moja ya Kadutu, alijaribu Jumapili moja baada ya misa. Alishuka nao hadi Ibanda. Walitembea zaidi ya saa moja wakifuata mteremko, kwa kuwa mtu wa ziwa anajua kwamba ukifuata mteremko utayakuta maji. Kila kichochoro walichoshika kiliishia kwenye geti: geti la chuma, ukuta wenye vipande vya chupa juu, mlinzi kwenye kiti cha plastiki. Mlinzi mmoja aliuliza wanamtafuta nani. Mama akajibu: ziwa. Mlinzi akacheka, wala si kwa ubaya, akawaambia wajaribu mbele. Mbele pia kulikuwa na geti. Mwishowe walifika Beach Muhanzi, kwenye soko la mwambao, wakayaona maji kati ya magunia ya makala na mitumbwi ya Idjwi, maji yaliyojaa chupa na vifuko. Watoto walifurahi hata hivyo. Mdogo alitupa jiwe, akahesabu mawimbi.

Bukavu ina aibu hapo, na inafaa isemwe. Mji huu umesifiwa miaka mingi kwa wageni wa mbali. Karatasi zote za utalii ziliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pasipoti na dola, anayetua, analala hoteli yenye bustani ya ziwani, anapelekwa kuona sokwe, anarudi kwao. Mtu anayefika na godoro kichwani, mtoto mgongoni na bidoni tupu mkononi hakuandikiwa hata nusu ukurasa. Na yeye ndiye mgeni ambaye mji unao, kwa maelfu, tangu vita vya Masisi viliposukuma watu hadi Minova mwanzoni mwa 2024, na zaidi tangu Februari 2025 vita vilipofika Bukavu kwenyewe. Hajui kata, hajui bei ya motari, hajui ni kilima gani kinateleza mvua ikinyesha. Anajifunza kwa hasara.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa vita si wakati wa kutembeatembea. Mtu aliyekosa unga atafutiwe unga, mambo ya kutazama mji yatakuja baadaye. Maneno hayo yana uzito, hasa yakitoka kwa mwenye nyumba anayelisha familia mbili kwa sufuria moja. Lakini mtu anayekaa katika mji asiojua anapoteza pesa kila siku. Analipa pikipiki kwa safari ambayo ngazi za mtaa zingemshusha kwa dakika kumi. Anapanga chumba penye korongo kwa sababu ni rahisi, na hakuna aliyemwambia kwa nini ni rahisi. Na watoto wake, ambao hawajui kingine cha mji huu ila foleni ya bomba na foleni ya jeton ya msaada, wanauchukia mji. Kumwonyesha mgeni mji ni sehemu ya kumpokea. Wazee wa Kabare wasingemkaribisha mtu nyumbani bila kumwonyesha kisima kiko wapi na mbwa wa jirani ni yupi.

Basi kwanza, urefu wa mji kutoka usawa wa bahari. Jambo hili wenyeji hawalifikirii kwa sababu wamezaliwa nalo. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji unaanzia hapo kupanda. Uvira, kwenye Tanganyika, uko karibu mita 700 chini ya hapo. Mto Ruzizi ndio unaoshuka ngazi hiyo yote, ukitoka ziwa moja kwenda lingine. Mtu anayepanda kutoka Uvira, au kutoka msitu wa Shabunda, anaacha joto nyuma yake: kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana familia kutoka bondeni hufika na nguo za bondeni, na usiku wa kwanza watoto hukohoa. Mwezi wa Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, mchana kuna jua na vumbi, lakini saa kumi za alfajiri baridi inaingia mpaka chini ya shuka. Anayegawa msaada Bukavu akaanza na sabuni kabla ya blanketi hajalala kwenye sakafu ya Cimpunda.

Hapa si La Paz ya Bolivia, juu ya mita 3,600, ambako mgeni hulala siku mbili akishika kichwa. Mita 1,500 hazimlazi mtu. Ila hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani ya bahari, na anayepandisha bidoni ya lita 20 kwenye ngazi za Nyamugo atalijua hilo bila kufundishwa. Mjamzito, mzee na mwenye pumu wapewe wiki moja ya kupanda polepole. Jua nalo huunguza hata ngozi ikiwa haihisi joto. Mama anayeuza barabarani kutwa afunike kichwa cha mtoto.

Na kuna maharage. Wanawake waliotoka Ruzizi hulalamika kwamba maharage ya Bukavu hayaivi, kwamba wauzaji wa Kadutu huuza ya zamani. Pengine mengine ni ya zamani kweli. Lakini sababu kubwa iko kwenye maji: kwa urefu huu maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 tu hivi, si 100. Yanatoa povu, yanaruka, lakini moto wake ni mdogo kuliko wa maji yanayochemka bondeni, na maharage yanakaa motoni muda mrefu zaidi. Katika mji ambako gunia la makala linapanda bei kila barabara inapofungwa, hilo si jambo dogo. Dawa yake wanawake wa Kabare wanaijua tangu zamani: kuloweka usiku kucha, kumwaga maji ya kwanza, kufunika sufuria vizuri na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Kama mashirika yanayogawa maharage yangegawa na maneno haya matatu, mifuko mingapi ya makala ingebaki.

Malaria nayo imewadanganya wengi. Mbu ni wachache huku juu kuliko Uvira au Kamituga, na mgeni anasema chandarua kikae kwenye gunia. Wapo wa kutosha, hasa kwenye mabonde na karibu na maji yaliyosimama. Mtoto aliyekaa muda juu halafu akarudishwa bondeni anarudi akiwa dhaifu mbele ya homa ile ile iliyokuwa ikimpita. Bukavu yenyewe ina kiwanda cha kwinini, na mikinkina imepandwa kwenye vilima vya Kivu tangu wakati wa Wabelgiji. Mji unaotengeneza dawa ya malaria hauna sababu ya kuidharau.

Sasa kutembea kwenyewe. Familia isiyo na pesa ya kupanda gari inaweza kuona sehemu nzuri ya Bukavu kwa miguu, kwa Jumapili moja, ikishuka tu na kupanda mara moja. Ianze asubuhi, kwa sababu kuanzia Septemba hadi Mei mvua hupenda kuja baada ya saa sita mchana, na mvua ya Bukavu haibishi hodi. Watu waliovaa viatu vya plastiki wawe macho: udongo mwekundu wa vilima hivi ukilowa ni sabuni.

Kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix lenye kuba lake liko wazi kwa kila mtu, Mkatoliki na asiye Mkatoliki. Sauti ya mtu mmoja anayeimba chini ya kuba hilo inajaza nyumba. Kutoka hapo hadi Nyawera si mbali. Hapo watoto wasimamishwe kidogo, waelezwe kwamba mahali hapa ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, vita vya wakati ule vilipoingia mji. Alikuwa ameandika na kusema sana juu ya wakimbizi na juu ya hatari iliyokuwa inakuja. Mtoto aliyekimbia risasi anaelewa habari hiyo kuliko anavyodhaniwa, na ni vizuri ajue kwamba mji uliompokea nao ulilia.

Avenyu Patrice Lumumba ndiyo mgongo wa mji. Wengi huipita wakitazama chini, wakikwepa pikipiki na mashimo. Inafaa kutazama juu. Majengo yenye kona za mviringo, mabaraza marefu na madirisha kama ya meli ni ya wakati mji ulipoitwa Costermansville, jina lililodumu tangu 1927 hadi miaka ya 1950. Wazee husema jina la sasa linatokana na Kishi, bu nkafu, mahali pa ng'ombe. Kati ya ng'ombe na jina la Mbelgiji kulikuwa na watu wachache waliojijengea mji wa starehe ziwani, na watu wengi waliopelekwa juu, Kadutu na Bagira, walale huko na kushuka kufanya kazi. Ukuta wa leo una babu yake.

Wengi huufananisha mji na mkono uliotia vidole vitano ndani ya maji, yaani rasi zake. Kidole kinachojulikana zaidi ni La Botte, kwa sura yake ya kiatu. Muhumba na Nguba ni majirani zake. Ukizitazama kutoka barabara ya Bagira jioni, jua likianguka nyuma na maji yakigeuka rangi ya shaba, unaelewa kwa nini watu wa mji huu waliotawanyika hadi Ulaya na Kanada bado wanaweka picha hiyo kwenye simu zao. Kutoka juu huko kuona ni bure. Shida inaanza unaposhuka.

Usiku usio na mwezi mkali kuna tamasha lingine lisilo na kiingilio: taa za wavuvi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa inawashwa, samaki wanafuata mwanga, na wavuvi huimba wakipiga kasia. Wanachovua ni sambaza. Familia kutoka Uvira zinazodharau sambaza na kulilia ndagala wa kwao zijue jambo hili: sambaza ni ndugu hasa wa ndagala. Alitolewa Tanganyika akapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na samaki wachache. Alihamishwa kutoka bondeni, akaletwa kwenye maji ya baridi ya juu, akazaa, na leo ndiye anayelisha mji. Bukavu haiwezi kusema kwamba aliyetoka Uvira hana cha kuchangia.

Watoto wakiomba kuona mahali ziwa linapoishia, wapelekwe upande wa Ruzizi, watazame kwa mbali. Hapo maji ya Kivu yanapata njia ya kutoka. Chini kidogo kuna bwawa la Ruzizi ya Kwanza, la tangu mwisho wa miaka ya 1950, linalotoa umeme wa mji. Na hapo ndipo chupa za Muhanzi zinapokwenda kulala: takataka za plastiki huziba milango ya maji ya bwawa na mitambo husimamishwa ili zitolewe. Mtu anayetupa kifuko kwenye mfereji wa Kadutu asishangae taa ikizimika nyumbani kwake. Lakini simu ibaki mfukoni. Daraja, mpaka, bandari na askari havipigwi picha, na kwa siku hizi kosa hilo linaweza kumgharimu mtu zaidi ya simu. Anayetaka kuvuka kwenda Rusizi aulize kwanza saa ya kufunga mpaka na karatasi inayotakiwa wiki hiyo, kwa sababu zote mbili hubadilika, na alivuke akiwa na saa ya kurudi kichwani.

Kuhusu mbuga ya Kahuzi-Biega maneno yatakuwa machache. Ni fahari ya Kivu Kusini: imekuwa mbuga ya taifa tangu 1970, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1980, na kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Mlima Kahuzi una mita 3,308, na sokwe wa mashariki wanaokaa huko hawapatikani nje ya Kongo. Kwa sasa si mahali pa kupeleka familia. Siku itakayofaa kwenda, kituo cha Tshivanga hakiko mbali, kilomita thelathini na kitu. Lakini mbuga hiyo nayo ina habari ya geti. Wambuti, au Batwa kama wanavyojiita wengi, walitolewa ndani ya msitu huo ulipofanywa mbuga, bila mahali pa kwenda. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua upande wao, uamuzi uliotangazwa 2024. Kivu imezoea kuzungushia ukuta mahali pazuri, kisha kuwauzia wengine tiketi.

Lwiro ni mfano tofauti kidogo. Kituo kile cha wanasayansi, karibu na Katana, kilianzishwa na Wabelgiji 1947, na watu wengi wa Kabare na Kalehe wamewahi kupita kwenye miti yake wakienda sokoni au shuleni. Tangu 2002 kuna pia mahali pa kulelea sokwe-mtu waliookolewa kutoka kwa wawindaji, na wanyama hao wamewafundisha watoto wa shule mengi kuliko vitabu. Watoto wa vijiji vya hapo wanaingia. Inawezekana, basi.

Safari za mbali zinataka mpango mkali zaidi. Ndege za abiria hazitui Kavumu tangu Februari 2025. Barabara ya Uvira kupitia mteremko wa Ngomo inaua magari hata wakati wa amani. Kinachobaki kwa wengi ni maji. Kwa kawaida mashua ya haraka hufika Goma kwa saa mbili au tatu, na meli kubwa husafiri usiku ikafika alfajiri. Ziwa hili ni zuri, na lina kina cha karibu mita 480. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ya MV Merdi, ikitoka Minova imejaa kupita kiasi, ilipinduka mbele kabisa ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Wengi waliokufa walikuwa wafanyabiashara wadogo na familia ambazo barabara ya Sake ilikuwa imewafungia njia. Hawakuwa watalii.

Kwa hiyo mwenye kupanda asione haya kuuliza. Jina lake liandikwe kwenye orodha ya abiria, jina la kweli, na la mtoto pia. Koti la kuogelea alivae kabla meli haijaondoka. Likifungiwa kwenye sanduku lenye kufuli ni kama halipo. Akiona mizigo imewekwa juu ya watu, ashuke, hata kama tiketi imelipwa. Pesa ya tiketi inauma wiki moja. Mchana ni bora kuliko usiku, asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa sababu upepo wa ziwa huamka baada ya chakula. Na shangazi aliyebaki Bukavu apewe jina la meli na saa ya kuondoka, si tu ujumbe wa «nimetoka».

Tena kwenye maji yenyewe, hata pale mtu anapopata nafasi ya kuyafikia: yasinywewe. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye mwambao wa Kivu, na Kalehe wanakijua kwa majina ya watu waliozikwa. Mtoto asiingie peke yake, kwa sababu ufuko wa Bukavu si wa kuteremka polepole. Hatua mbili ni magotini, ya tatu hakuna chini. Watu wa Sake na Goma, waliozoea kuogopa mazuku kwenye mashimo ya udongo wa volkano, wanafika hapa wakiwa na tahadhari nzuri ya ardhi. Waongeze na ya maji.

Tunda la maneno haya yote linaoza, hata hivyo, kama mgeni akishajua mji bado anakutana na geti. Wenye nyumba za mwambao wana karatasi, na wengi walinunua kwa pesa waliyoitafuta kihalali. Hakuna anayeomba nyumba zibomolewe, kwanza mji huu umebomolewa vya kutosha. Lakini sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, isiyouzika, na kitanda cha ziwa ni cha umma. Aliyepewa paruseli alipewa ruhusa ya kutumia kipande. Hakupewa Ziwa Kivu. Kuna vichochoro vilivyokuwepo, ambavyo watu wenye umri wa miaka hamsini wanavikumbuka kwa miguu, walivyopitia kwenda kuoga na kufua wakiwa watoto. Vilimezwa kimoja kimoja, mita moja mwaka huu, geti mwaka ujao, na mkubwa wa avenyu akaangalia pembeni.

Kinachoombwa ni kidogo. Katika kila rasi ibaki njia moja yenye upana wa watu wawili kupishana, hadi majini, isiyo na mlinzi wa mtu binafsi. Vijana wa kata waisimamie, wafagie, waweke kamba mahali ambapo mtoto asivuke. Makanisa na shule zenye bustani ziwani, na zipo kadhaa, zingeweza kuanza hata kabla ya serikali: Jumapili mbili kwa mwezi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, geti liwe wazi kwa familia. Gharama yake ni mfagiaji na mtu mmoja anayejua kuogelea. Hofu ya wizi inaeleweka, lakini watu wanaoshuka na watoto wanne na chupa ya chai hawaji kuiba bati.

Na wenyeji wasio na geti wana kazi pia. Vijana wa Kadutu wanaokaa kwenye vibaraza vya ligablo wakilalamikia kukosa kazi wanajua kila ngazi ya mji huu, kila njia ya mkato, kila ukuta uliopasuka tangu tetemeko la 3 Februari 2008. Kwa mchango mdogo, au hata kwa sahani ya ugali na sambaza, wangeweza kuwatembeza wageni siku ya posho: hapa ni kituo cha afya, hapa ni bomba lisilokauka, hapa usipange chumba kwa sababu mwaka juzi kilima kilishuka, na barabara hii inafika Panzi, kwenye hospitali iliyofunguliwa 1999 ambayo daktari wake Denis Mukwege alipewa Nobel ya Amani 2018. Mama mhami anayehitaji hospitali hiyo anahitaji kujua njia kabla ya siku ya kuihitaji.

Yule mama wa Kalehe bado hajakata tamaa. Jirani amemwambia juu ya kiwanja cha watawa fulani ambako sista wa jioni huwa hana ukali. Atajaribu Jumapili ijayo kama mvua haitakuja mapema. Amekwisha kumwambia mdogo aokote mawe mapema, ya bapa, kwa sababu huko chini, kwenye saruji ya watu, hakuna.